Wangila, bondia aliyeipa Kenya dhahabu pekee ya ngumi

JINA la Kenya katika Olimpiki huhusishwa na mbio. Hata hivyo, jijini Seoul mwaka wa 1988, nishani moja kati ya tano za dhahabu ilitoka ulingoni, mikononi mwa Robert Napunyi Wangila.

Mzaliwa huyo wa Nairobi alikuwa ametwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika nyumbani mwaka wa 1987. Katika fainali ya Seoul, uzani wa welta, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili.

Baadaye alijiunga na ndondi za kulipwa nchini Marekani. Mnamo Julai 22, 1994, jijini Las Vegas, refa alisimamisha pigano lake na David Gonzales katika raundi ya tisa. Wangila alipinga uamuzi huo, lakini muda mfupi baadaye alizirai. Alifariki Julai 24, akiwa na umri wa miaka 26.

Tangu hapo, vijana wa Eastlands, chimbuko la mabondia wengi, wamevaa glavu kizazi baada ya kizazi. Dhahabu ya pili ya Olimpiki haijapatikana.