Luigi Galvani na mguu wa chura



Leo simwandiki mtakatifu. Huyu hajatangazwa mtakatifu wala mwenye heri. Ni mlei, mume wa mtu, mwalimu wa chuo kikuu, na jina lake wengi wenu mnalo juu ya paa la nyumba bila kujua. Yale mabati tunayoita ya galvanaizi yameitwa kwa jina lake. Ile galvanometa ya maabara ya fizikia, iliyotusumbua kidato cha nne, nayo ni yake. Lakini yeye hakushughulika na mabati. Alishughulika na mishipa ya fahamu, na ndiyo iliyonikutanisha naye.

Kwaresima ya mwaka juzi niliamka asubuhi, nikaanza kupiga mswaki, maji yakawa yanamwagika upande mmoja wa mdomo. Nikatazama kioo. Nusu ya uso wangu ilikuwa imelala. Jicho la kushoto halifungi, shavu limelegea, nikijaribu kutabasamu mdomo unakwenda upande mmoja. Mimi naimba besi kwaya ya parokia, na tulikuwa tunajiandaa na Pasaka. Nilijaribu kuimba, herufi P ikawa inatoka kama upepo wa tairi.

Mama mkubwa alipofika nyumbani hakusema mengi. Alisema huo si ugonjwa wa hospitali, kuna mtu ameniangalia vibaya, na nauli ya kwenda kijijini kwa mzee fulani anayo tayari. Ananipenda sana mama mkubwa, amenilea. Na mimi nakiri mbele yenu kwamba nilikaribia kukubali. Uso wako mwenyewe ukikataa kukutii, Katekisimu uliyokariri kwa ajili ya Kipaimara inakwenda mbali kidogo. Nilimwomba tu anisubiri hadi Jumatatu.

Jumatatu daktari akanieleza. Kuna neva kumi na mbili kila upande zinazotoka ubongoni. Ile ya saba ndiyo inayoamuru misuli ya uso, nayo inapita kwenye tundu jembamba la mfupa karibu na sikio. Ikivimba ndani ya tundu lile inabanwa, amri haipiti, uso unalala. Akanipa dawa, akaniambia wengi hupona. Baada ya wiki chache nikapelekwa kwa dada mmoja wa tiba ya viungo. Akanibandika vipande viwili vyenye waya, akazungusha kitufe, na shavu langu likaruka. Lenyewe! Sikuwa nimeliamuru. Nilicheka kwa nusu ya uso niliyokuwa nayo. Nikamuuliza ni kitu gani kile, akasema unaitwa mkondo wa Galvani, akaendelea na kazi yake. Usiku ule nikamtafuta Galvani ni nani.

Luigi Galvani alizaliwa Bologna, Italia, tarehe 9 Septemba 1737, wakati mji ule ukiwa chini ya utawala wa Papa. Ujanani alitaka kuingia utawani. Nyumbani wakamshawishi asome udaktari, akakubali, akahitimu mwaka 1759. Vijana mnaolia kwamba wazazi wamewaharibia wito, hapa mna mwenzenu. Lakini wito ule haukumtoka. Alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mt. Fransisko, ule wa walei, akaishi ndoa yake na kazi yake humo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1760 alimwoa Lucia Galeazzi, binti wa profesa wake. Hawakujaliwa mtoto. Lucia hakuwa mke wa kukaa pembeni. Alishiriki majaribio, na alimsaidia mumewe kusahihisha maandishi yake. Mume alifundisha anatomia na baadaye ukunga, akiporudi nyumbani kuna meza, kuna mashine ya kuzalisha umeme kwa msuguano, na kuna vyura.

Ili mwelewe kwa nini vyura, lazima mjue watu waliamini nini siku zile. Tangu wakati wa Wagiriki wa kale ilifundishwa kwamba neva ni kama mirija, na ndani yake hupita roho fulani nyepesi kutoka ubongoni kwenda kwenye misuli. Ukitaka kuinua mkono, roho ile inatiririka, msuli unavimba. Hakuna aliyewahi kuiona. Wengine walianza kuhisi kwamba huenda kinachopita ni umeme, ila ilikuwa dhana tu.

Mwaka 1781, chura aliyechunwa alikuwa mezani, miguu yake ya nyuma imening'inia kwenye neva zake tu. Msaidizi mmoja akagusa neva kwa ncha ya kisu cha upasuaji. Wakati uleule mtu mwingine akatoa cheche kwenye mashine iliyokuwa mbali kidogo. Miguu ya chura ikaruka kwa nguvu kama ya mzima. Wapo wanaosimulia kwamba Lucia ndiye aliyeona kwamba mruko na cheche vinakwenda pamoja. Galvani angeweza kusema ni bahati akaendelea na somo. Hakufanya hivyo. Alirudia, akabadilisha kisu, akabadilisha umbali, akarudia tena. Kwa miaka kumi!

Mwaka 1786 alitundika vyura kwenye reli ya chuma nje ya nyumba kwa ndoano za shaba, akitaka kuona kama umeme wa angani nao utawarusha. Aligundua kwamba hata anga ikiwa shwari, ndoano ikisukumwa ikagusa chuma, miguu inaruka. Hakuna mashine, hakuna radi. Basi umeme unatoka wapi? Galvani akajibu kwamba unatoka kwa chura mwenyewe. Ndani ya mnyama kuna umeme wake, na neva ndiyo njia yake. Kitabu chake kikatoka mwaka 1791. Lucia hakukiona, alikuwa ameshafariki.

Na hapo mambo yakaharibika. Alessandro Volta, profesa wa Pavia, Mkatoliki pia, alikisoma kitabu akakishangilia, akarudia majaribio, kisha akabadili mawazo. Volta aliona kwamba miguu inaruka vizuri zaidi chuma na shaba vikitumika pamoja kuliko metali ya aina moja. Akasema umeme unatoka kwenye metali mbili tofauti zikikutana, na chura ni kipimo tu. Watu wengi wa sayansi wakaenda upande wa Volta.

Galvani hakuwa mtu wa kelele. Alirudi mezani. Mwaka 1794 ukatoka mchango usio na jina la mwandishi ukionyesha kwamba ukichukua neva ya chura ukaigusisha kwenye msuli wake, bila metali yoyote, mguu unaruka. Mwaka uliofuata alisafiri hadi pwani ya Adriatiki kuchunguza taa, yule samaki anayepiga shoti. Wavuvi wetu wanamjua. Mwaka 1797 akaeleza jaribio jingine, la miguu miwili ambayo neva ya mmoja ilifikishwa kwenye neva ya mwingine, yote miwili ikaruka, bila chuma, bila shaba.

Nani alikuwa sahihi? Nimelisoma jambo hili sana kwa sababu lilikuwa shavu langu. Wote wawili, na kila mmoja alikosea upande wake. Volta alikuwa sahihi kwamba metali mbili na majimaji ya chumvi huzalisha umeme, na kutoka hapo akatupa betri ya kwanza, aliyoitangaza mwaka 1800. Simu unayosomea hapa inakula matunda ya ubishi ule. Galvani alikosea kudhani msuli huhifadhi umeme kama mtungi. Lakini kwenye jambo kubwa alikuwa sahihi. Mwili ulio hai una umeme wake.

Ulivyo ni hivi. Ubongo wako una seli za neva, yaani nyuroni, kama bilioni 86. Nyuroni moja ina mwili mdogo, matawi ya kupokea habari, na mkia mrefu wa kupeleka. Mkia wa nyuroni inayoamuru kidole cha mguu unaanza kwenye uti wa mgongo, unaweza kufika mita moja, na ni seli moja! Seli ikiwa imetulia, ndani yake kuna tofauti ya umeme na nje, kama volti 0.07 tu, ndani kukiwa hasi. Sodiamu, ileile ya kwenye chumvi ya mezani, imejaa nje ikisubiri. Potasiamu imejaa ndani. Amri ikija, vilango kwenye utando wa seli vinafunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, sehemu ile inageuka kuwa chanya, nayo inafungua vilango vya jirani, na vya jirani wa jirani, kama habari ya msiba inavyopita nyumba hadi nyumba. Nyuma yake potasiamu inatoka, hali inarudi, seli iko tayari tena. Yote hayo kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kwa hiyo si umeme unaokimbia ndani ya waya kama wa nguzoni. Neva zenye kasi, zilizofunikwa kwa ganda la mafuta, hupeleka habari kwa kama mita 100 kwa sekunde. Zile nyembamba za maumivu makali ya kuungua zinakwenda mita moja hivi. Ndiyo maana ukijigonga kidole kwenye mguu wa kitanda unajua kwanza umejigonga, unapata nafasi ya kusema Yesu Maria, halafu maumivu yenyewe ndiyo yanafika. Mwisho wa mkia, neva haiugusi msuli. Kuna mwanya mdogo sana. Neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, msuli unaipokea, unajikunja.

Tarehe 4 Desemba 1798, Galvani alipofariki, hakuna hata moja ya hayo iliyokuwa inajulikana. Kasi ya habari kwenye neva ya chura ilipimwa na Helmholtz mwaka 1850. Kazi ya sodiamu na potasiamu ilielezwa na Hodgkin na Huxley mwaka 1952, kwa kutumia neva nene ya ngisi.

Lakini ubishi wa Volta haukuwa pigo la mwisho kwake. Majeshi ya Napoleon yaliingia Bologna mwaka 1796, na mwaka uliofuata ikaundwa Jamhuri ya Sisalpina. Mwaka 1798 Wafaransa walimtoa Papa Pius VI Roma kama mfungwa. Katika hali hiyo maprofesa wa Bologna walitakiwa waiapie jamhuri mpya. Wengi waliapa, na si juu yangu kuwahukumu, walikuwa na watoto wa kulisha. Galvani aliona kiapo kile kinapingana na imani yake na dhamiri yake, akakataa. Akafukuzwa kazi. Alikuwa na miaka 60, mjane, bila mtoto, bila mshahara, na katika dunia ya sayansi wengi walishaona ameshindwa. Akaenda kukaa kwa kaka yake. Baadaye wakubwa walikubali kumrudisha bila kiapo kwa sababu ya jina lake, lakini hakuiwahi nafasi ile. Alikufa kabla.

Hapa nilikaa muda mrefu. Nilitaka kusikia kwamba alitetewa, kwamba Volta alimwandikia barua akamwomba radhi, kwamba alifungua jaribio moja la mwisho wakapiga makofi. Hakuna. Alikataa kiapo, akahama nyumba, akafa.

Amezikwa Bologna, katika kanisa la Corpus Domini la masista Waklara, pamoja na Lucia wake. Ni kanisa lilelile lenye mwili wa Mt. Katarina wa Bologna, uliokaa kwenye kiti hadi leo.

Uso wangu ulirudi polepole. Kwanza jicho, halafu kona ya mdomo, halafu herufi P. Pasaka ile sikuimba, nilikaa benchi la nyuma na miwani ya jua kama mwanasiasa. Pentekoste niliimba. Mama mkubwa alikuwepo. Ile nauli alikuwa ameninunulia samaki.

Na kwa kuwa Galvani si mtakatifu aliyetangazwa, Novemba iliyofuata nilichukua bahasha ya kuwaombea marehemu, nikaandika majina ya babu, ya bibi, ya shangazi, na chini kabisa Luigi na Lucia. Katekista wetu aliyasoma, akanitazama, akaniuliza hao wawili ni wa upande wa baba au wa mama.