Charles Dundas: Mzawa wa ukoo wa Uskoti aliyeandika historia ya Kitui

MIONGONI mwa wageni waliowahi kuandika habari za Wakamba, jina la Charles Cecil Farquharson Dundas halikosi kutajwa. Afisa huyo wa serikali ya kikoloni, aliyezaliwa mwaka wa 1884, alichapisha makala ndefu kuhusu historia ya Kitui mnamo 1913 katika jarida la Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia jijini London.

Dundas alitoka katika ukoo wa mabwanyenye wa Uskoti. Baba yake, aliyewahi kuwa konseli wa Uingereza ng'ambo, alirithi cheo cha Viscount Melville. Cheo hicho kilianza na Henry Dundas, mwanasiasa wa Edinburgh ambaye mnamo 1792 alilitaka Bunge la Uingereza likomeshe biashara ya watumwa hatua kwa hatua badala ya mara moja. Biashara hiyo haikupigwa marufuku hadi 1807, na hadi leo wanahistoria wanabishana kuhusu dhamira yake. Sanamu yake ingali juu ya nguzo ndefu katikati ya jiji hilo.

Charles aliingia katika utumishi wa serikali Afrika Mashariki mwaka wa 1908. Nduguye, Kenneth, alikuwa afisa vilevile na aliandika kuhusu Wawanga wa magharibi mwa Kenya kabla ya kuuawa vitani Gallipoli mwaka wa 1915.

Huko Ukambani, Dundas alikabiliwa na fumbo lililowasumbua watawala wengi. Serikali ilitaka machifu wa kukusanya kodi na kutoa amri, ilhali Wakamba hawakuwa na mfalme wala chifu. Mamlaka yalikuwa ya wazee waliokutana katika baraza lao, nzama, na kesi ngumu zilikatwa kwa kiapo cha kithitu, ambacho hakuna aliyethubutu kukila kwa uongo. Dundas alizichunguza sheria hizo na kuendelea kuziandikia mnamo 1915 na 1921, zikiwemo zile za mali, ndoa na fidia.

Hata hivyo, kazi yake ilikuwa na pande mbili. Elimu aliyoikusanya ilikuwa ya wazee walioilinda kwa vizazi, lakini juu ya makala hayo liliandikwa jina moja tu. Isitoshe, aliyekuwa akiandika mila ndiye huyohuyo aliyewakilisha dola lililozipokonya mila hizo nguvu zake.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Dundas alihamia Tanganyika. Akiwa Moshi aliwahimiza Wachagga kulima kahawa, akawasaidia kuunda chama cha wakulima mnamo 1925, licha ya upinzani wa walowezi waliohofia ushindani. Kitabu chake kuhusu Kilimanjaro na watu wake kilitoka mwaka wa 1924. Baadaye alikuwa Gavana wa Bahamas kuanzia 1937, kisha wa Uganda kuanzia 1940, ambako alipunguza usimamizi wa maafisa wa Uingereza juu ya serikali ya Buganda. Alichapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka wa 1955, na akafariki mwaka uliofuata.

Kwa wakazi wa Kitui, na wa Makueni ambako vilima vya Mbooni na Nzaui vinatajwa katika simulizi za asili ya Wakamba, maandishi ya Dundas si kumbukumbu za kale tu. Katiba ya 2010 inazitaka mahakama kuhimiza njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Wanaotaka kujua nzama iliamua vipi kesi karne moja iliyopita hurejelea kurasa zake, lakini wanapaswa kuzisoma sambamba na masimulizi ya wazee wenyewe. Afisa aliandika alichosikia na kukielewa. Yale ambayo wazee waliamua kumficha hayamo katika jarida lolote.