Siti binti Saad: Alizaliwa akaitwa Mtumwa, akafa akiitwa Bibi

KALEMIE – Katika mitaa yetu kuna wamama wanaoitwa Mateso, Shida, Machozi na Tabu. Wazazi waliwapa majina hayo kwa sababu ya kitu kilichoipata nyumba siku walipozaliwa: njaa, msiba, vita. Wengi wameyabeba mpaka uzeeni bila kuuliza. Mwanamke tunayemsimulia leo alipewa jina zito kuliko hayo yote. Wazazi wake walimwita Mtumwa.

Alikufa tarehe 8 Julai 1950 katika kisiwa cha Unguja, Zanzibar, na siku hiyo hakuna aliyemwita Mtumwa tena. Afrika Mashariki nzima ilimjua kwa jina la Siti, maana yake bibi, mwanamke wa heshima. Safari yake kutoka jina la kwanza hadi la pili inawahusu wamama wengi wa hapa Katanika, hasa wale waliofika na watoto mgongoni mwaka 2017 wakikimbia mapigano kati ya Wabatwa na Waluba.

Njia iliyoanzia kwetu

Mtu wa Kalemie anaweza kudhani kwamba Zanzibar ni mbali na haituhusu. Lakini kaskazini kidogo mwa mji wetu, kandokando ya ziwa, kuna Mtoa. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Manyema iliteremkia hapo. Watu walipandishwa mashua, wakavushwa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, kisha wakatembezwa kwa miguu kupitia Tabora mpaka pwani ya Bagamoyo. Kutoka hapo wengi walivushwa tena kwenda Unguja kulima mikarafuu na kutumika majumbani.

Siti alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, katika familia ya watu wa ukoo huo wa kitumwa. Asili ya baba yake ni Unyamwezi, upande wa Tabora, na asili ya mama yake ni Uzigua, upande wa Tanga. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, Mtumwa binti Saad akiwa msichana wa miaka 17. Sheria ilibadilika siku moja, lakini jina lilibaki, umaskini ulibaki, na macho ya watu hayakubadilika.

Hakupata nafasi ya kusoma chuoni wala shuleni. Alichopata ni kazi ya mama yake, kufinyanga vyungu. Alifinyanga, akachoma, akavipanga kichwani na kutembea kwa miguu hadi mjini kuviuza. Njiani aliimba ili wateja wajue kwamba muuza vyungu anapita. Wamama wanaoteremka asubuhi na mabeseni ya ndagala au magunia ya makala wanaijua kazi hiyo. Sauti ndiyo inayotangulia, mzigo unafuata.

Sauti yake ilifika mbali kuliko vyungu. Watu walianza kumtambua kabla ya kumwona. Lakini nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Aliolewa, akapata mtoto, ndoa ikavunjika. Alikuwa amepita miaka 30, bila mume, bila shule, bila mali. Kwa hesabu ya watu wa wakati ule, maisha yake yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Mwaka 1911 aliondoka Fumba akahamia mjini.

Mwalimu na kikundi

Mjini alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905 na ambacho kipo hadi leo. Ali Muhsin alimsikia, akaona kwamba sauti hiyo inastahili kufundishwa. Siti alijifunza ala, namna ya kushika pumzi, na nyimbo za Kiarabu, akizihifadhi kichwani kwa sababu hakujua kusoma. Baadaye alijiunga na wanaume wapiga ala, kati yao Subeti bin Ambari na Maalim Shaaban, wakawa kikundi kimoja.

Taarabu ililetwa Zanzibar katika enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Ulikuwa muziki wa jumba la mfalme, ulioimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume. Siti aliutoa katika jumba akaupeleka Ng'ambo, mtaa wa watu wa chini, ambako wengi walikuwa watumwa wa jana na watoto wao. Aliimba kwa Kiswahili. Jioni kikundi kilifanya mazoezi nyumbani kwake, na majirani walikuja kusikiliza. Yule mfinyanzi wa Fumba aliitwa pia kuimba mbele ya Sultani na katika nyumba za matajiri, akarudi Ng'ambo usiku uleule.

Waliomtukana

Heshima hiyo haikuja bila matusi. Wapinzani walitunga maneno ya kumkumbusha alikotoka. Walimcheka kwamba aliingia mjini amevaa kaniki, kitambaa cheusi cha bei ya chini ambacho kilikuwa vazi la watumwa wa kike. Walisema hana sura, na kwamba bila sauti angekufa njaa.

Angeweza kunyamaza. Angeweza pia kukana asili yake, jambo ambalo wengi walifanya miaka ile, kila mtu akijitafutia kabila la heshima zaidi. Siti alijibu kwa wimbo. Kwa ufupi alisema kwamba uzuri wa uso si hoja, na kwamba mtu hupimwa kwa akili yake. Hakudai kuwa mrembo wala hakukataa kwamba alivaa kaniki. Alikataa kipimo chenyewe walichotumia kumpima.

Hapo ndipo maisha yake yanapotufaa zaidi. Mara nyingi mwanamke anaambiwa ajithamini, halafu anapewa mafuta ya kupaka, nguo na mtindo wa nywele. Siti alionyesha kwamba thamani huanza pale mtu anapoacha kukubali hesabu ya yule anayemdharau.

Bombay

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimwalika yeye na wenzake kwenda Bombay, India, kurekodi nyimbo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanamke wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwenye santuri, zile sahani nyeusi za muziki za zamani. Santuri zake ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, katika nchi ambazo watu wengi walidhani kwamba Kiswahili hakiwezi kuuza kitu. Wageni walianza kufika Unguja kumtafuta mwenye sauti.

Mwanamke aliyetembea kutoka Fumba na vyungu kichwani alivuka bahari akiwa mwenye kazi yake, amelipiwa nauli, anangojewa bandarini. Ukoo wake ulikuwa umevushwa maji kama bidhaa.

Wimbo uliosema kile ambacho mahakama haikusema

Kama angeishia hapo, Siti angekuwa tu mwimbaji aliyefanikiwa. Kitu kilichomfanya akumbukwe ni matumizi ya sauti hiyo. Aliimba kuhusu wanaume wanaopiga wake zao, kuhusu wenye vyeo wanaodhulumu maskini, na kuhusu mahakama ambako mnyonge hushindwa hata akiwa na haki.

Wimbo wake unaotajwa zaidi unaitwa Kijiti. Unahusu tukio la kweli. Mwanamke mjamzito alifika Unguja kutoka Dar es Salaam kama mgeni. Mwanaume aliyeitwa Kijiti alimbaka na kumuua, kisha akakimbilia bara asionekane. Wanawake waliokuwa na marehemu walikwenda mahakamani kutoa ushahidi, na wao ndio waliotoka na hukumu. Muuaji alikuwa huru, mashahidi wakaadhibiwa.

Siti aliliimba jambo hilo waziwazi, jina la mtu likiwa ndani ya wimbo. Mahakama ilikuwa imefunga faili. Wimbo uliifungua upya katika kila nyumba yenye gramafoni, na mpaka leo, karibu miaka mia moja baadaye, jina la Kijiti bado linatajwa kwa aibu.

Msomaji wa mashariki mwa Kongo hahitaji maelezo marefu hapa. Tunajua kesi ambazo mtuhumiwa amevuka mpaka, na mama aliyebakwa amebaki mtaani akinyooshewa kidole. Tunajua familia zinazomwambia binti anyamaze ili apate mume. Ukimya huo unauma mara ya pili.

Tiba ya mtu mzima

Siti hakuwa mganga na hakudai kuponya mtu. Lakini alichofanya kimekuja kutambuliwa na madaktari wa kwetu. Katika hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 2018, manusura wa ubakaji hawatibiwi kidonda peke yake. Wanapewa matibabu ya mwili, msaada wa roho na akili, msaada wa sheria, na njia ya kupata riziki. Katika msaada huo kuna muziki: wamama wanakaa pamoja, wanatunga nyimbo kuhusu yaliyowapata, wanaingia studio na kuzirekodi.

Sababu ni rahisi kuelewa. Mtu aliyeumizwa hivyo hubeba aibu ambayo si yake. Anapoitamka mbele ya wenzake wanaomsikiliza bila kumhukumu, aibu inaanza kurudi kwa mwenyewe, yaani kwa aliyetenda. Sindano inatibu maambukizi, lakini haiwezi kufanya kazi hiyo. Wimbo nao hauwezi kufanya kazi ya sindano. Mama anahitaji vyote viwili, pamoja na haki mahakamani na pesa kidogo mfukoni za kumfanya asimtegemee yule anayemtesa.

Mapungufu ya hadithi hii pia yasemwe. Wimbo wa Kijiti haukumrudisha marehemu, wala haukufuta adhabu ya wale mashahidi. Mafanikio ya Siti hayakuwatoa wamama wa Ng'ambo katika umaskini. Sauti ya mtu mmoja haiwezi kuwa badala ya sheria inayofanya kazi.

Kilichobaki

Muda mfupi kabla ya kufa, Siti alikutana na mshairi Shaaban Robert, ambaye aliandika kitabu cha maisha yake. Kwa njia hiyo mwanamke ambaye hakujua kuandika aliingia katika maandishi ya Kiswahili. Nyimbo zake ziliendelezwa na Fatuma binti Baraka, maarufu Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza na ambaye pia aliwafunda wasichana katika ngoma za unyago hadi uzee wake. Bi Kidude alifariki mwaka 2013. Na waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao mwaka 1988, waliliita Sauti ya Siti.

Kule Katanika, na katika mitaa mingine ya Kalemie, jioni wamama wanarudi kutoka sokoni na mabeseni matupu, wengine wakiimba. Hakuna anayejua ni nani kati yao atakayesikika mbali. Lakini kila mmoja ana haki ya kusikilizwa nyumbani kwake kwanza, na kuitwa kwa heshima, hata kama siku aliyozaliwa wazazi hawakuona kitu kingine cha kumwita isipokuwa Mateso.