Dkt. John Snow na Shimo la Jirani

Miongoni mwa watu ambao maisha yao yapasa kufundishwa katika shule zetu ni Dkt. John Snow. Alizaliwa mjini York, Uingereza, mwaka wa 1813, kifungua mimba wa kibarua. Akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza kazi ya utabibu, na huko ndiko alikowauguza wachimbaji wa makaa ya mawe waliopatwa na kipindupindu. Baadaye alihamia London, akasifika kwa elimu ya nusukaputi hata akamhudumia Malkia Victoria alipojifungua mwaka wa 1853 na wa 1857.

Zama hizo mabingwa waliamini kuwa kipindupindu huletwa na hewa chafu. Snow alishikilia kuwa huletwa na maji. Mwaka wa 1854 ugonjwa ulipozuka Soho na kuua zaidi ya watu 600, alipita nyumba baada ya nyumba, akabaini kuwa wengi wa waliokufa walikunywa maji ya bomba la Broad Street. Akaishawishi halmashauri ya parokia, na tarehe 8 Septemba mpini wa bomba hilo ukaondolewa.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo aghalabu husahauliwa. Mwaka uliofuata, Kasisi Henry Whitehead, ambaye awali alimpinga Snow, aligundua kuwa maji ya kufulia nepi za mtoto mgonjwa yalikuwa yakimwagwa katika shimo la choo la nyumba namba 40. Shimo lilipofukuliwa, matofali yake yalikuwa yameoza, na uchafu ulichuruzika hadi kisimani, umbali usiotimia mita moja. Shimo lilikuwa la nyumba moja. Msiba ukawa wa mtaa mzima.

Snow alifariki Juni 1858, akiwa na umri wa miaka 45, wengi wakiwa bado hawajamsadiki. Kiangazi hicho hicho mto Thames ulinuka hata wabunge wakashindwa kuvumilia, nao wakaidhinisha fedha za umma kujenga mabomba ya maji taka.

Hapa Kajiado, kuanzia Laiser Hill hadi Kitengela, nyumba nyingi hutegemea matangi ya maji taka yaliyochimbwa uani, na majirani hunywa maji ya visima. Tangi likipasuka, mwenyewe asiye na uwezo hulifunika tu. Wapo wanaouliza kwa nini kodi ya umma itengeneze mali ya mtu binafsi. Nami naona Broad Street ilikwisha kuwajibu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya usafi wa mazingira, na huduma hiyo imekabidhiwa kaunti. Isitoshe, mpango wa SafiSan wa Hazina ya Maji ulionyesha njia: mwenye ploti alijenga choo bora, kikakaguliwa, ndipo akalipwa ruzuku. Naishauri Kaunti ya Kajiado ianzishe ruzuku kama hiyo kwa matangi mabovu, ikianza na yaliyo karibu na visima. Kukarabati tangi ni nafuu kuliko kuuguza mtaa.