Carberry wa Seremai na siri ya bawa la ndege

JINA la John Carberry halisikiki tena sana mjini Nyeri, ingawa enzi zake mlowezi huyu, mwenye shamba la kahawa la Seremai, alijulikana kote nchini kwa mapenzi yake ya ndege.

Alizaliwa mwaka wa 1892 katika ukoo wa makabaila wa Ireland, akarithi cheo cha babake akiwa mtoto. Mwaka wa 1914 alishiriki mashindano ya Schneider huko Monaco. Ndege ya Morane-Saulnier aliyoirusha siku hizo haikuwa na vibawa vya bawaba. Rubani alivuta nyaya na bawa lote likajipinda. Halikuwa na upenyo.

Mnamo 1920 alihamia Kenya na kuacha kutumia cheo chake. Hizo zilikuwa enzi ambapo Mwafrika alizuiwa kukuza kahawa ya kuuza, hata katika ardhi ya babu zake. Carberry aliagiza ndege ya de Havilland DH.51, ya mbao na kitambaa, ambayo iliruka nchini mwaka wa 1926. Hii ilikuwa na vibawa vya bawaba nyuma ya mabawa.

Bawaba haikosi mwanya. Hewa yenye msukumo mkubwa chini ya bawa hupenya hapo kwenda juu, na nguvu ya kuinua ndege hupungua. Ndege ya injini hufidia hasara hiyo kwa mafuta. Isiyo na injini, kama zile zilizorushwa kwa miaka mingi Mweiga, jirani na Nyeri, haina cha kufidia.

Ndiyo maana mafundi wa ndege hizo huziba mwanya kwa utepe. Husafisha bawa, hukata utepe kwa kipimo, kisha hubandika ukingo mmoja tu. Ule mwingine huachwa uteleze juu ya kibawa. Hatimaye husukuma usukani hadi mwisho, pande zote. Utepe ukikunjika na kubana, hubanduliwa na kazi kuanza upya, kwani usukani ukikwama angani ni mauti.

Mauti yalimfika mkewe, Maia, rubani na mwalimu wa urubani, tarehe 12 Machi 1928. Ndege aliyomfundishia mwanafunzi ilianguka Nairobi, wote wawili wakafa. Aliacha binti, Juanita, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu. Mwaka huohuo Carberry aliiuza DH.51, iliyokuwa ya kwanza katika sajili ya ndege ya Kenya.

Hakuacha urubani. Mnamo Septemba 1936 Beryl Markham alivuka Atlantiki peke yake kwa ndege ya Vega Gull aliyoazimwa na Carberry, akaangukia kinamasini Nova Scotia, Kanada, akiwa hai.

Nyumbani Carberry alikuwa mtu mwingine. Katika kumbukumbu alizochapisha mwaka wa 1999, Juanita alimweleza kama baba katili.

Carberry alifariki mwaka wa 1970 nchini Afrika Kusini. DH.51 yake imehifadhiwa Uingereza.