John Akii-Bua, Polisi wa Mstari wa Kwanza

Askari aliyepata kupangwa lindo katika pwani ya Palma au Mocímboa da Praia, huko kaskazini ya Cabo Delgado, anafahamu jinsi mchanga unavyouchosha mguu. Anafahamu pia kwamba mguu uliozoea mchanga mzito huwa mwepesi ukanyagapo ardhi ngumu. Kanuni hiyo ndiyo iliyomlea mmoja wa wanariadha mashuhuri wa Afrika Mashariki, naye alikuwa polisi: hayati John Akii-Bua wa Uganda.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi na watoto zaidi ya 40. Mzee huyo alipofariki, kijana aliacha shule, akafanya vibarua, kisha akajiunga na Polisi ya Uganda. Ni katika jeshi hilo ndimo kipaji chake kilimotambuliwa. Afisa mwenziwe, Jorem Ochana, bingwa wa kuruka viunzi, alimfundisha misingi. Baadaye akapokewa na mwalimu kutoka Uingereza, Malcolm Arnold.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa nne, akarudi mikono mitupu. Hapo ndipo kazi ilipoanza kwa kweli. Alivaa fulana yenye uzito wa kilo zaidi ya 10, akapanda milima kwa mbio, akaruka viunzi vilivyoinuliwa hadi sentimeta 107, ilhali vya mashindano yake vilikuwa na sentimeta 91 tu. Alijizoeza pia kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto.

Tarehe 2 Septemba 1972, katika fainali ya Olimpiki mjini Munich, alipangiwa mstari wa kwanza, ule wa ndani kabisa. Wakimbiaji huuchukia mstari huo, kwani kona zake ni kali kuliko za mistari mingine. Akii-Bua hakulalamika. Alivuka viunzi vyote 10 na kumaliza meta 400 kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili, na David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia, wa tatu. Mshindi aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi visivyokuwapo. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki.

Serikali ya Idi Amin ilimpandisha cheo na kumpa nyumba. Lakini mkono uleule uliomtunuku ndio uliokuwa ukiwaua Walango wenziwe, raia na askari. Mwaka 1973 alishinda tena katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na hivyo hakupata nafasi ya kutetea taji lake. Huko Edwin Moses wa Marekani aliivunja rekodi yake.

Mwaka 1979, vita vya kumng'oa Amin vilipokaribia Kampala, bingwa huyo alikimbilia Kenya na familia yake, akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Kiwanda cha viatu cha Puma kilimtoa huko na kumpa kazi Ujerumani Magharibi. Mwaka 1980 aliiwakilisha tena Uganda mjini Moscow, akaishia nusu fainali.

Angaliweza kubaki Ulaya. Badala yake alirejea nyumbani, akavaa tena sare ya polisi na kuwafundisha vijana riadha. Alifariki Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa. Ilipita miaka 40 tangu Munich ndipo Uganda ikapata dhahabu ya pili, mwaka 2012, kwa miguu ya Stephen Kiprotich, mtumishi wa Magereza.

Ulimwengu unazikumbuka sekunde zile 48 pungufu. Sisi tunaona kwamba mwenye sare hana budi kuikumbuka pia miaka iliyozitangulia na iliyozifuata. Medali haikumkinga Akii-Bua na ukimbizi, wala sifa hazikumpa usalama. Kilichodumu ni mazoea ya kazi: kupokea mstari uliopangiwa, hata ukiwa mbaya, na kurudi kwenye lindo lako mambo yanapotulia.