Beryl Markham: Rubani aliyetahiniwa na anga la Afrika Mashariki

Katika kiwanja kidogo cha ndege cha Kajjansi, kandokando ya barabara itokayo Kampala kwenda Entebbe, wanaojifunza urubani hukabiliwa na hatua mbili za mwisho kabla ya kukabidhiwa leseni. Kwanza mtahini huwauliza maswali ana kwa ana, kisha hupanda nao ndege na kuwatazama wakiirusha. Kanuni za kimataifa zinamtaka mwombaji wa leseni ya rubani binafsi awe ametimiza umri wa miaka 17, awe na cheti cha afya, na awe ameruka kwa saa zisizopungua 40, au 35 ikiwa amefunzwa chini ya mpango ulioidhinishwa.

Zaidi ya miaka 90 iliyopita, mwanamke mmoja aliyekulia Njoro nchini Kenya alikabili mitihani ya namna hiyo jijini Nairobi. Aliitwa Beryl Markham. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupata leseni ya urubani wa biashara nchini Kenya, na hatimaye akawa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini.

Mtoto wa Njoro

Beryl Clutterbuck alizaliwa Ashwell, Uingereza, tarehe 26 Oktoba 1902. Alikuwa bado mtoto mdogo alipoletwa Kenya, ambako baba yake, Charles Clutterbuck, alianzisha shamba, kinu cha unga na mazizi ya farasi wa mbio. Mama yake hakuyaweza maisha yale. Alirudi Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, na binti akabaki na baba.

Malezi yake yalikuwa mikononi mwa watu wa mahali pale kuliko mwa walimu wa Kizungu. Alizungumza Kiswahili na lugha ya majirani zake, akacheza na kuwinda na vijana wa Kiafrika. Mwenzake wa karibu aliitwa Kibii, ambaye baba yake, arap Maina, alifariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kibii alipotahiriwa na kuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta.

Ukame ulimfilisi Clutterbuck, naye akahamia Peru. Beryl, ambaye hakuwa hata na miaka 20, alibaki nyuma akajipatia riziki kwa kuwafunza farasi wa mbio, kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanaume. Mwaka 1926 farasi wake Wise Child alishinda mbio kuu za St Leger jijini Nairobi.

Kifo na masomo

Miaka ile ndege zilikuwa zimeanza kuibadilisha Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha shirika la Wilson Airways jijini Nairobi. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya barua kutoka London hadi Mwanza. Ndege zake zitakazo kutua majini zilishuka Butiaba katika Ziwa Albert, kisha Port Bell, bandari ya Kampala, kabla ya kuendelea Kisumu.

Lakini anga lilikuwa pia mahali pa hatari. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji maarufu na rafiki wa karibu wa Beryl, alikufa pale ndege yake aina ya Gipsy Moth ilipoanguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Voi. Mtumishi wake Kamau alikufa pamoja naye. Beryl alikuwa amealikwa katika safari hiyo, ila rubani Tom Campbell Black wa Wilson Airways alimshauri asiende.

Mtu mwingine huenda angeachana na ndege. Yeye aliendelea na masomo, na Campbell Black akawa mwalimu wake. Katika kumbukumbu zake Beryl anamweleza kuwa mwalimu asiyependa maneno mengi. Alimwacha mwanafunzi wake aione hatari kwa macho yake mwenyewe, akashika usukani pale tu ilipobidi. Siku moja walielekea vilima vya Ngong, na ndege ikakataa kupanda kwa kuwa upepo uliokuwa ukishuka mlimani uliikandamiza. Campbell Black alinyamaza hadi dakika ya mwisho. Somo lile Beryl hakulisahau tena.

Mitihani miwili

Mitihani ya enzi hizo ilijengwa juu ya msingi wa Mkataba wa Paris wa mwaka 1919. Mkataba huo ulimtaka mwombaji azunguke nguzo mbili kwa umbo la tarakimu nane, mara tano mfululizo, akiwa peke yake ndani ya ndege. Alitakiwa pia kushuka injini ikiwa imezimwa na kutua karibu na alama iliyowekwa kabla. Mbali na hayo aliulizwa juu ya taa, ishara, kupishana angani na sheria za viwanja.

Beryl alipata leseni ya kwanza katika mwaka uleule wa 1931. Leseni hiyo ilimruhusu kuruka, lakini haikumruhusu kulipwa. Kabla haijatimiza mwaka, Aprili 1932, alirusha ndege yake aina ya Avro Avian peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza, akifuata bonde la Nile kupitia Sudan na Misri. Hakuwa na redio. Alitegemea ramani, dira, na uwezo wa kutambua mlio wa injini inayoanza kuugua.

Mtihani wa pili, wa leseni ya biashara, aliufaulu mwaka 1933, na huo ulikuwa mzito zaidi. Alitakiwa kuijua injini kama fundi: kuifungua, kusafisha vijia vya mafuta na kuirudisha kila sehemu mahali pake. Alitakiwa pia kujua hali ya hewa, kupanga safari kwa ramani, na kuruka usiku. Kwa msichana ambaye hakukaa shule kwa muda mrefu, vitabu vilikuwa kikwazo kikubwa kuliko usukani.

Riziki ya angani

Kwa leseni hiyo aliweza kulipwa. Alibeba barua, abiria na dawa, akatua mahali pasipo na kiwanja, ambapo wenyeji waliwasha mioto ili ajue pa kushukia. Alifanya pia kazi ya kuwatafuta ndovu kutoka angani kwa niaba ya wawindaji, akiwemo Bror Blixen. Kazi hiyo ilimletea fedha, ingawa leo inaonekana kwa jicho jingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Arap Ruta alikuwa naye katika miaka hiyo, kwenye mazizi na baadaye kwenye banda la ndege. Wawili hao walikua pamoja, wakajifunza kusoma nyayo katika udongo mmoja. Hata hivyo, chini ya utawala wa kikoloni mmoja alikwenda kukaa mbele ya mtahini, na mwingine akabaki kuwa mtumishi wake. Ujasiri wa Beryl hauna shaka, lakini mlango alioupita haukuwa wazi kwa kila mtoto wa Njoro.

Usiku juu ya Atlantiki

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936, akiwa na umri wa miaka 33, aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, akielekea New York. Ndege ilikuwa Vega Gull iitwayo The Messenger, aliyoazimwa na John Carberry, mlowezi wa Kenya. Redio iliachwa ili nafasi na uzito vitumike kwa mafuta. Kuvuka kutoka mashariki kwenda magharibi kulikuwa kugumu zaidi kwa sababu rubani hupigana na upepo wa mbele.

Gizani, tangi la kwanza lilipokauka, injini ilizimika. Ilimbidi atafute kwa mkono koki ya tangi la pili huku ndege ikishuka kuelekea baharini. Mpangilio wa mafuta ni miongoni mwa mambo ambayo watahini huuliza hadi leo, na usiku ule jibu lake lilikuwa uhai wa mtu.

Baada ya saa 21 na dakika kama 25, akiwa tayari ameiona nchi kavu, injini ilianza tena kukatika. Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi la mwisho. Alishuka Baleine Cove, kisiwa cha Cape Breton nchini Canada, ndege ikazamisha pua katika tope. Alitoka na jeraha kichwani. Hakufika New York kwa ndege yake, lakini jiji hilo lilimpokea kama shujaa.

Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo, Tom Campbell Black aliuawa katika kiwanja cha Speke, Liverpool, baada ya ndege ya jeshi kuigonga ndege yake ikiwa ardhini.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1942 kilitoka kitabu chake, West with the Night. Baadaye palizuka mabishano kuhusu mchango wa mumewe wa tatu, mwandishi Raoul Schumacher, na mabishano hayo hayajaisha. Kitabu kilisahaulika hadi kilipochapishwa upya mwaka 1983. Wakati huo Beryl alikuwa amekwisha kurudi Kenya miaka mingi, akawafunza tena farasi walioshinda, na uzee ulimkuta jijini Nairobi akiwa na kipato kidogo. Mauzo ya kitabu yalimpa nafuu mwishoni.

Alifariki jijini humo tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi bado unapokea ndege ndogo kila siku. Na tangu mwaka 1971, chuo cha urubani cha Soroti, mashariki mwa Uganda, kimewafunza vijana wa Kiafrika kazi ambayo katika zama za arap Ruta hawakuruhusiwa hata kuijaribu.